Nyanya Iliyopita Meza Zote Saba

Kwa furaha isiyo na kifani, na baada ya kupata idhini ya maandishi ya kuwa na furaha hiyo, Kurugenzi ya Mazao Yanayoharibika Haraka inautangazia umma kwamba Duka la Mtandaoni la Mkulima Moja kwa Moja limefunguliwa rasmi, limefanya kazi, na limeuza bidhaa. Hayo mengine mnayoyasikia mitaani ni wivu mtupu. Mimi nilikuwepo. Mimi ndiye Mkurugenzi Msaidizi, Dawati la Uhalisia wa Picha, na ninaomba nieleze mambo kwa mpangilio, maana watu wa kupaka wenzao matope wamezidi.

Wazo lenyewe lilikuwa rahisi mno, ndiyo maana lilichukua miaka mitatu. Mkulima anapiga picha mazao yake, picha inaingia dukani, mteja anaiona kwenye simu, anabonyeza, mzigo unamfikia. Hakuna dalali, hakuna kuzungushwa. Ili kuhakikisha hakuna kuzungushwa, tukaweka meza saba. Picha ya kila zao ilipaswa kupita meza zote, na kila meza ilitakiwa kuishika picha mkono huu na zao lenyewe mkono ule, ilinganishe, ndipo iweke saini. Meza ya nne ni yangu. Ya tano na ya sita sijui zinafanya nini hasa, ila wafanyakazi wake wana bidii na wana feni nzuri. Ya saba ni ya Mkurugenzi.

Kanuni za duka aliziandika Mkurugenzi kwa mkono wake. Alivipenda vifungu viwili kuliko vingine, na alikuwa akivisoma kwa sauti hata kwenye lifti. Kifungu cha Tisa: bidhaa ikishanunuliwa hairudishwi, isipokuwa imeoza, na aliyeipeleka dukani athibitishe uozo huo kwa saini yake. Kifungu cha Kumi na Moja: picha ikishaingia dukani haiondolewi mpaka zipite siku kumi na nne za kazi.

"Hapo," alikuwa akisema, "nimeziba mianya yote."

Sasa, kuna jambo dogo la kifamilia. Mdau Namba Moja, yaani mkulima wa kwanza kujiandikisha, ni mama mkwe wangu. Sikumpendelea. Nilikwenda ukweni Jumapili, nikala nikashiba, mdomo ukalegea, nikamwambia duka linafunguka kesho yake.

"Baba, una uhakika?" akaniuliza. "Maana yule wa lori amenizoea. Anakuja Jumanne anabeba zote."

"Mama, mwambie asije. Kesho duka liko hewani."

"Hewani wapi?"

"Mtandaoni, Mama."

Akaniangalia vile anavyoangalia mbegu za dukani. "Haya. Wewe ndiye uliyesoma."

Akampigia simu mtu wa lori, akamwambia asije. Akachuma shamba zima. Jumatatu asubuhi akashuka mbele ya ofisi na kreti sitini za nyanya, ndiyo mavuno yake yote ya msimu, na kwa mujibu wa Kifungu cha Pili zikahifadhiwa kwenye ukumbi wa mikutano ili meza zote zilinganishe kwa urahisi.

Picha ya kwanza ilipigwa saa nne. Ilinifikia Jumanne. Nikaitazama picha: nyanya ina ukijani kidogo begani. Nikaitazama nyanya: nyekundu yote. Hii si ile. Nikaikataa. Mke wangu anasema nilikosa utu. Si kweli, nilikosa ulinganifu.

Ikapigwa picha nyingine, nyekundu, ngumu, inang'aa. Jumatano ikanifikia mezani pamoja na nyanya yake, na nyanya ina kunyanzi pembeni. Nikaikataa hiyo nayo. Nilipotoka nje ya chumba changu, mama mkwe yuko kwenye benchi la wageni, mkoba mapajani.

Nikainamisha macho. Mama mkwe ni mama mkwe hata katika jengo la umma. "Shikamoo, Mama."

"Marahaba, baba. Nasikia umeikataa tena."

"Si mimi, Mama. Ni Dawati."

"Hilo dawati si ndilo unalolikalia wewe?"

"Kiutendaji, ndiyo."

"Nyanya zangu zimebakiza siku mbili. Ijumaa jioni ni rojo. Mchakato wenu unataka siku ngapi?"

"Kumi na nne, Mama. Za kazi."

"Basi ziambieni zisubiri," akasema, akageukia dirishani. Nikaona kidevu kinamtetemeka, na nilikuwa namfahamu mwanamke huyu miaka kumi na moja bila kukiona kidevu hicho kikitetemeka. Moyo uliniuma, sitaki kusema uongo.

Nikaupeleka ushauri wake kwa Mkurugenzi. Aliuona ni wa kujenga. Ndani ya saa moja waraka ukatoka, ukabandikwa kwenye kila kreti: *Bidhaa zote zinaagizwa kubaki katika hali ya Jumatatu hadi zitakapopewa maelekezo mengine.* Nyanya hazikujibu. Mkurugenzi akaagiza ukimya huo uandikwe kuwa ni ridhaa.

Jioni ile mke wangu aliniambia kwa upole sana, upole wa kutisha: "Nyanya za mama zikioza, wewe lala huko huko na wadau wako." Hapo mjue kwamba nilikuwa na maslahi, lakini sikuyaruhusu yaingilie kazi.

Uzinduzi ukapangwa Alhamisi, saa nne kamili, kwenye ukumbi ule ule wa mikutano. Mgeni Rasmi alikuwa Mheshimiwa mwenyewe kutoka juu, na watu wa kamera watatu. Asubuhi ile Fundi wa Mfumo, mama wa makamo asiyecheka ovyo, alimfuata Mkurugenzi.

"Mzee, dukani hakuna picha hata moja. Nyanya zimekataliwa, vitunguu vimeota majani vikiwa meza ya tatu."

"Weka yangu. Iwe ya ukaribisho."

"Lazima ipite meza zote saba. Ndivyo mfumo ulivyo."

"Ipite!"

Ikapita. Ile yenye tai nyekundu. Mkurugenzi akatembea nayo mwenyewe, meza kwa meza. Kila meza ikatazama picha, ikamtazama Mkurugenzi, ikalinganisha, ikasaini. Ilipofika kwangu sikuona tofauti hata ya unywele. Mtu huyu hajabadilika tangu ateuliwe. Dakika arobaini, kazi imekwisha.

Saa nne kamili Mheshimiwa akakata utepe, kioo kikubwa ukutani kikawaka. Makofi. Kisha makofi yakapungua, yakabaki ya mtu mmoja aliyekaa nyuma asiyeona vizuri.

Kioo kilionyesha picha moja. Mkurugenzi, tai nyekundu, mashavu yanang'aa. Chini yake maandishi makubwa: *NYANYA. Daraja la kwanza. Imeiva, laini kwa kubonyeza. Itaharibika baada ya siku tatu. Iliyopo: moja. BONYEZA KUNUNUA.*

"Ondoa!" Mkurugenzi akafoka. Kijasho chembamba kilikuwa kinamtoka.

"Siwezi, Mzee," Fundi akasema bila kupepesa macho. "Nafasi ya kwanza dukani ni ya nyanya, na mfumo unachukua picha yenye saini saba. Ni hii tu. Kuondoa ni Kifungu cha Kumi na Moja. Siku kumi na nne za kazi."

Mheshimiwa alikuwa amesogea karibu na kioo, anasoma taratibu kama mtu anayesoma barua ya posa. "Laini kwa kubonyeza," akarudia.

Hapo ndipo simu ikalia ting! mwisho wa ukumbi. Tukageuka wote. Mama mkwe amesimama kati ya kreti zake, simu yake yenye kioo kilichopasuka iko mkononi.

"Nimenunua," akasema.

"Mama!" nikanong'ona. "Umenunua nini?"

"Nyanya. Si ndivyo palivyoandikwa? Nimelipa bei ya nyanya moja. Sasa naomba mzigo wangu."

Mkurugenzi akacheka kicheko kile cha kwenye vikao. "Bibi yangu, acha masihara. Mimi si bidhaa."

"Kwani picha imekosewa?" mama mkwe akauliza. "Mbona mimi naona ni wewe kabisa? Au niite meza ya nne ilinganishe?"

Macho yote yakanielekea. Ningefanyaje? Nikatazama kioo, nikamtazama Mkurugenzi. "Vinalingana," nikasema. Uadilifu ni uadilifu.

Mheshimiwa akakohoa, akageuka ili kamera zimpate vizuri. "Ndugu Mkurugenzi, mfumo ni wako, kanuni ni zako, na duka limepata mteja wake wa kwanza mbele ya macho yangu. Mfikishieni mteja mzigo wake. Pigeni makofi." Safari hii makofi yalikuwa mengi na ya dhati.

Mzigo ulifikishwa kwa mteja saa nne na nusu. Mteja akaukagua, akauambia uvue koti. "Kreti zile pale, baba. Zote getini. Shika chini, usiziminye."

Mkurugenzi alibeba. Jamani, nikisema alibeba, alibeba. Kreti ya kwanza alibeba kwa hasira, ya kumi kwa mikono miwili na kifua, ya ishirini akawa anamwita mama mkwe "Mama". Mama mkwe naye amekaa getini juu ya kreti tupu, sauti imemtoka: "Nyanya! Nyanya za leo! Oneni, mkubwa wa humu ndani anazibeba mwenyewe, zingekuwa mbovu angezibeba?"

Wapita njia wakasimama. Anayetoka hospitali akanunua, mwalimu akanunua, mwenye kioski cha chakula akachukua kreti nane. Meza ya tano na ya sita zilishuka nzima nzima na mifuko. Mheshimiwa mwenyewe alifungua kioo cha gari, akachagua kilo mbili, akabonyeza moja moja. Hakuna aliyedai picha. Waliziangalia nyanya zenyewe, na mpaka alasiri ukumbi wa mikutano ulikuwa umebaki na nyaraka sitini na harufu.

"Sasa, Mama," Mkurugenzi akasema akihema, shati limemganda mgongoni, "naomba nirudi ofisini."

"Urudi wapi? Kesho kuna kupalilia."

"Mama, nina kikao!"

"Mimi sina kinyongo. Nirudishie hela yangu ya nyanya moja uende. Ila mwanangu wa mfumo huyu hapa, aseme utaratibu."

Fundi alikuwa tayari amesimama na fomu. "Kifungu cha Tisa, Mzee. Bidhaa hairudishwi isipokuwa imeoza. Uliyeipeleka dukani ni wewe, kwa hiyo uthibitishe wewe. Saini hapa."

Mkurugenzi akaisoma fomu mara mbili. "Hakuna sababu nyingine?"

"Zilikuwepo sita. Ulizifuta. Ulisema zitawachanganya wakulima."

Akaliwazia shamba la mama mkwe na palizi ya kesho. Akachukua kalamu, akasaini. *Mimi niliyetia saini hapa chini nathibitisha kwamba bidhaa hii imeoza na haifai kwa matumizi.* Cheo, tarehe, mhuri. Akavaa koti, akaelekea mlangoni kwa heshima zake zote.

Mlinzi akaweka mkono mbele. Ni mtu mwema, hajawahi kumkosea mkubwa. "Samahani, Mzee. Kifungu cha Tisa, aya ya mwisho. Kilichooza hakiruhusiwi kurudi ndani ya jengo. Ni kwa ajili ya afya ya umma."

Kwa hiyo nasema tena, Duka limefanya kazi. Kreti sitini zimemfikia mteja moja kwa moja. Mama mkwe amerudi kwake na mkoba uliofura, akapita kwangu kumwambia binti yake anifungulie mlango. Nililala nyumbani, usingizi mzito.

Ijumaa asubuhi barua ya Mheshimiwa ikanikuta mezani: mimi ndiye Kaimu Mkurugenzi. Sikushangaa, kazi nzuri huonekana. Fundi akaja papo hapo akaomba picha yangu moja, ya ukaribisho. Nikavaa suti ya kijivu, nikapigwa picha, nikapita nayo meza zote saba kwa nusu saa, rekodi mpya ya Kurugenzi.

Sasa hivi mama mkwe amenipigia simu. Ameniuliza kwa sauti ya upole duka lina nini wiki hii, maana palizi imemzidi. Nikamwambia, kwa heshima zote za ukwe, afungue tu aangalie mwenyewe.