Gari Jekundu Lisilo na Mlango

Jumatatu, 12 Mei 2025

Siku ya kwanza shuleni. Mimi, Thuo, mtu wa miaka arobaini na minne, dereva wa miaka kumi na minane, nimeketi benchi moja na watu wasiojua klachi ni nini. Aibu! Chumba kiko ghorofa ya pili juu ya duka la dawa, mtaa wa Hurlingham. Kinanuka spiriti na chapati za jana.

Hakimu ndiye aliyenileta hapa. Eti nisome udereva upya, masomo kumi, na leseni yangu ikae kortini mpaka mwalimu aandike barua kwamba nimebadilika. Yote hayo kwa sababu ya ukuta! Mwezi uliopita foleni ya barabara ya Argwings Kodhek ilikuwa haisongi. Nikatoka, nikapita upande wa magari yanayokuja, kama mtu yeyote mwenye shughuli zake. Lori likatokea. Nikakata usukani kushoto, nikapenya pengo la foleni, nikavunja vyungu vya muuza maua, nikaingia ukutani. Ukuta ule umejengwa karibu mno na barabara. Nilimwambia hakimu hivyo na hakupendezwa.

Binti yangu Wanjugu, miaka kumi na mmoja, alikuwa kiti cha mbele. Mkono wake wa kulia ulivunjika. Neno la mwisho alilosema kabla ya kishindo lilikuwa, "Baba, ukuta." Hakupiga kelele. Alisema tu, kama mtu anayekukumbusha kufunga mlango. Nalisikia kila ninapopiga mswaki, sijui kwa nini hapo hasa.

Tangu siku hiyo hataki kuingia gari ninaloendesha mimi. Gari letu dogo, Vitz, limeshanyooshwa na fundi hapa Kinoo, lakini mke wangu Mwihaki ametumbukiza funguo ndani ya mkebe wa unga. Anasema barua ya mwalimu haitoshi. Funguo zitatoka siku Wanjugu mwenyewe, bila kubembelezwa, atakapokubali kuketi ndani.

Mwalimu anaitwa Bi Mbithe. Mama mpole, miwani kwenye kamba, sauti ya kusomea matangazo ya mazishi. Katikati ya chumba kuna ile meza iliyochorwa mji: barabara, mizunguko, vivuko. Tunasukuma vigari vya kuchezea kwa kidole na kueleza tunachofanya. Kila dereva wa nchi hii amepitia meza hii. Hata mimi niliipitia, na niliisahau siku hiyo hiyo.

Leo niligonga vigari viwili na kanisa. Mwenzangu Everlyn, muuguzi mstaafu wa miaka sitini na mitatu ambaye hajawahi kushika usukani maishani, alizunguka mji mzima bila kosa. Kila makutano alisimama, akaangalia kulia, kushoto, kulia tena. Vigari vya plastiki! Nimeambiwa nimwige.

Jumanne, 13 Mei

Mpango. Binamu yangu Ken hana kazi wiki hii na anapenda magari. Nimempa kofia yangu na jaketi yangu, aende asome kwa jina langu. Akasema, "Cuzo, hiyo ni kitu ndogo sana." Mimi nikalala hadi saa nne. Usingizi mtamu.

Ken alirudi saa sita. Bi Mbithe alimkaribisha vizuri, akamfundisha somo zima, akamsifu. Mwishoni akamtuma aje aniambie kwamba nimekuwa mfupi sana tangu jana. Kisha akaniongezea masomo mawili. Sasa ni kumi na mawili, siku nyingine mawili kwa mpigo.

Ken anasema alifurahia na anauliza kama anaweza kurudi.

Alhamisi, 15 Mei

Barabarani, hatimaye. Gari lenye ule ubao wa herufi L juu ya paa. Niliteremsha kofia hadi kwenye pua, mtaa mzima wa Kilimani usinitambue. Bi Mbithe ana breki yake mwenyewe upande wake na hana haya kuikanyaga.

Ana mtindo wake. Dereva lazima aseme kwa sauti kila anachokiona. Nikaanza. Nikasema naona Prado ya mtu mwenye kiburi. Naona mwanamke anayetaka kuniingilia. Naona pikipiki iliyotumwa na shetani. Akakanyaga breki. Akasema hajaniuliza nawaza nini, ameniuliza naona nini. Nikasema ndivyo ninavyoona. Akaandika kitu kwenye daftari lake.

Everlyn alikuwa kiti cha nyuma akingoja zamu. Zamu yake ilipofika aliona kila kitu! Mtu ameshika mwavuli. Mbwa amelala. Taa ya njano. Mlango wa gari lililoegeshwa umefunguka kidogo. Mwendo wa jongoo, na bado akapewa "vizuri sana, Mama". Mimi miaka kumi na minane sijapewa "vizuri" hata moja.

Tulipita Argwings Kodhek. Muuza maua amepanga vyungu vipya. Ukuta umepakwa simenti mahali nilipoingia, alama kubwa kuliko nilivyokumbuka, na iko upande wa kushoto, alikokuwa ameketi Wanjugu. Bi Mbithe akauliza naona nini. Nikasema sioni kitu.

Ijumaa, 16 Mei

Nimeiba. Naandika bila kuficha, maana shajara ni yangu. Mtihani ni Alhamisi ijayo na siwezi kushindwa na bibi wa miaka sitini na mitatu. Kwa hiyo, kabla darasa halijaanza, nilitia kigari kimoja mfukoni nikafanyie mazoezi nyumbani. Kile chekundu kisicho na mlango mmoja. Ndicho anachokipenda Everlyn.

Nilitarajia atachanganyikiwa. Alitumia kizibo cha soda. Akakisukuma mji mzima bila kosa, akaangalia kulia, kushoto, kulia tena. Akanitazama. Akaniambia, "Wewe kijana, mfuko wako umevimba." Nikasema ni miwani. Sivai miwani.

Jumamosi, 17 Mei

Wanjugu amekipata kigari. Alikuwa akitafuta kalamu kwenye jaketi yangu. Nilidhani ataniripoti kwa mama yake. Badala yake alitoka nje, akarudi akiburuta katoni la friji la jirani, akalipasua, akalilaza sebuleni. Akachora mji kwa mkono wa kushoto. Barabara zimepinda kama matumbo ya mbuzi, lakini mji umekamilika. Waiyaki Way iko hapo. Kinoo iko hapo, na nyumba yetu ina bomba la moshi ambalo hatuna.

Watu ni maharagwe. Haragwe moja dogo amelifunga uzi mweupe. Sikuuliza ni nani.

Akaniambia nisukume na niseme ninachoona. Sijui Bi Mbithe alivyomfikia mtoto wangu! Nikasukuma. Nilipita maharagwe mawili kwenye kivuko. Wanjugu akanyanyua kigari, akanionyesha kona ya sebule. Kosa moja, unasimama ukutani dakika mbili, uso ukitazama rangi. Nilisimama ukutani mara tisa. Mwihaki alipita na beseni la nguo, akanitazama, akaendelea na safari yake.

Ni mara ya kwanza tangu Aprili mtoto kuzungumza nami zaidi ya salamu. Alinifokea saa nzima. Nilifurahi sana kufokewa.

Jumapili, 18 Mei

Tulitoka kanisani moja kwa moja hadi kwenye katoni. Leo ukutani mara tatu tu. Mara ya mwisho niliomba haragwe msamaha na Wanjugu akacheka. Kicheko chenyewe kile cha zamani, cha puani. Mwihaki alichungulia kutoka jikoni kuona kuna nini. Nilijifanya nakohoa kwa sababu macho yalikuwa yameanza mambo yao.

Ningependa kusema nilikuwa nawaza tu furaha ya mwanangu. Pia nilikuwa nawaza kwamba mwalimu huyu mdogo hawezi kukataa kuingia gari la mwanafunzi wake. Mpango mzuri! Na umejipanga wenyewe.

Alhamisi, 22 Mei

NIMEPITA! Nilisukuma kigari mji mzima mbele ya Bi Mbithe bila kugusa kitu. Niliona kivuko. Niliona mtoto. Niliona mahali ambapo mtoto angeweza kutokea. Barabarani pia, Kilimani hadi Hurlingham na kurudi, mdomo haukufunga. Everlyn alipita kwa alama zaidi. Haidhuru. Nimemwambia hongera kwa meno.

Bi Mbithe aliandika barua polepole. Akasema mimi ninajua sheria zote, na kwamba wasiojua si tatizo lake kubwa. Sikuelewa. Nilipokuwa mlangoni akasema kile kigari chekundu kikae na huyo aliyenifundisha. Nilitaka ardhi inimeze.

Ijumaa, 23 Mei

Leseni imerudi kutoka kortini. Nimeiweka mezani jioni, karibu na ugali, bila kusema neno. Kesho Wanjugu anaenda hospitali Hurlingham kutolewa plasta. Mwihaki alikuwa ameshapanga waende na teksi.

Nikanyamaza, kama nilivyoagizwa. Kunyamaza kulinichosha kuliko kazi ya siku tatu. Ugali ukaisha. Wanjugu akalamba kidole, akasema ataketi ndani ya Vitz. Sharti moja. Niseme kila ninachoona, mwanzo hadi mwisho, nisiache.

Nikaapa. Nilikuwa namaanisha, na hilo naliandika hapa ili lijulikane. Mwihaki akaingiza mkono kwenye mkebe wa unga hadi kwenye kiwiko. Akanipa funguo bila kuzipangusa. Alinishika kidole kidogo, muda mfupi, halafu akaniachilia.

Jumamosi, 24 Mei

Tuliondoka Kinoo saa mbili. Mwihaki mbele, Wanjugu nyuma, mkanda umefungwa, kigari chekundu kwenye paja lake. Naona kijana na mkokoteni. Naona mama na ndizi. Naona matuta. Kwenye kioo nilimwona Wanjugu akiitikia kwa kichwa kila nilipopata, kama mwalimu anayesahihisha. Waiyaki Way nzima sikupiga honi hata mara moja. Naomba mtu aandike hilo mahali.

Tulipofika Argwings Kodhek, foleni. Dakika kumi. Ishirini. Hospitali tunaiona kwa macho! Daktari alisema saa tatu na nusu na ilikuwa saa tatu na dakika ishirini na mbili. Naona gari jeupe. Naona gari jeupe lile lile. Halafu Subaru moja ikapanda njia ya waenda kwa miguu upande wa kushoto na kutupita. Kisha ya pili. Kisha teksi. Dereva wa teksi akanipungia mkono!

Sikumbuki nilinyamaza saa ngapi. Nakumbuka tu tairi za kushoto zikipanda ukingo, na kwamba ilikuwa kwa ajili yake, asichelewe. Watu waliruka pembeni. Mzee mmoja akaangusha mkate. Vile vyungu vya maua vilikuwa mbele yetu.

Wanjugu akasema, "Baba, watu."

Sauti ile ile. Nilisimama papo hapo, na hilo pia sijasifiwa. Hakuna aliyeguswa. Nikageuka kumwambia nimewaona. Alikuwa ameshafungua mkanda kwa mkono wa kushoto. Akafungua mlango, akashuka. Mwihaki hakunifokea, na afadhali angenifokea. Alishuka, akamshika mtoto upande wa mkono mzima, wakaenda kwa miguu. Wanjugu alisimama kumwokotea mzee mkate wake. Hawakugeuka nyuma.

Mimi sikuweza kwenda mbele kwa sababu ya vyungu, wala nyuma kwa sababu teksi nyingine ilikuwa imenifuata. Muuza maua alinitambua. Akaita polisi wa trafiki kwa jina lake, wanajuana, naye akaondoka na leseni yangu. Nilipofika hospitali plasta ilikuwa imeshakatwa na wao walikuwa wameshaondoka. Kwenye kiti cha nyuma, kigari chekundu. Alikuwa amekiegesha sambamba na ukingo wa kiti, tairi zimenyooka.

Jumapili, 25 Mei

Nyumba kimya. Funguo zimerudi kwenye unga. Leseni imerudi kwa wenyewe. Wanjugu alinisalimu asubuhi kwa adabu kubwa, akanipa chai kwa mkono wa kulia, mwembamba na mweupe kama wa mgonjwa. Nilisema umepona vizuri. Akasema asante. Nikangoja aniite kwenye katoni. Hakuniita.

Baada ya kanisa nililivuta mwenyewe kutoka nyuma ya sofa. Ameongeza mchoro. Njia ndogo ya waenda kwa miguu, imeanza kwenye mlango wetu wenye bomba la moshi, ikafuata barabara mpaka hospitali. Juu yake kuna maharagwe mawili yameshikana kwa gundi. Lile dogo limefunguliwa uzi. Nilitafuta haragwe la tatu chini ya sofa, chini ya zulia, kila mahali. Halipo.

Nikakaa sakafuni muda mrefu. Mwishowe nikachukua kile kigari chekundu nikakiweka juu ya njia yake, polepole, nione kama kinaenea. Hakikuenea. Mtoto amekosea vipimo. Njia ya kweli ni pana kuliko alivyochora. Vitz inapita bila shida, ukikunja kioo cha kushoto.