Ruzuku ya Wauza Vitumbua

Jumatatu, 1 Julai 1974
Nimepita Posta kutafuta kazi, nikakuta tangazo kwenye ukuta wa ofisi ya utamaduni. Ruzuku! Itatolewa kwa vikundi vitakavyokusanya simulizi za watu waliosahauliwa na vitabu vya historia. Nikawaza: nani kasahauliwa kunishinda mimi? Nikaingia. Karani, Ndugu Severa, akanieleza kwa upole kwamba mtu mmoja si kikundi, hata akiwa na shida za ukoo mzima. Nilete kikundi, na sauti zao ziwe zimenaswa. Nimerudi Kariakoo kwa miguu, moyo mweupe.

Jumanne, 2 Julai
Kikundi kilikuwa nyumbani siku zote! Mama mwenye nyumba wangu, Bibi Sitara, aliuza vitumbua kwenye soko la zamani mpaka lilipobomolewa kupisha hili jipya linalojengwa. Yeye na wenzake walikuwa na ngoma yao ya akina mama. Nimempa shikamoo nzito kuliko zote tangu nihamie hapa. Akaniuliza nimevunja nini. Nilipomweleza alifurahi, ila hawezi kusimulia bila Bibi Sabaha, mpigaji ngoma wao. Hapo ndipo penye mwiba. Hawasemezani. Siku ya kuhama sokoni Bibi Sabaha aliondoka na ngoma, ikawa ndiyo basi. Aje aombe radhi kwanza.

Jumatano, 3 Julai
Nimekwenda mtaa wa Gerezani, kwa Bibi Sabaha. Anasema aliiokoa ngoma isifukiwe na kifusi, shukrani yake akaitwa mwizi. Aombwe radhi yeye. Nikamwambia ndicho nilichotumwa: Bibi Sitara anaomba radhi. Akafuta macho kwa ncha ya khanga. Nikarudi Kariakoo nikampa Bibi Sitara habari hiyo hiyo, nimegeuza majina tu. Naye akafuta macho. Sijui kwa nini serikali hainipi ubalozi.

Alhamisi, 4 Julai
Mwenye kinasa sauti hapa nyumbani ni Leodegar peke yake, fundi redio wa chumba cha pili. Bahati mbaya naye ameliona tangazo. Alitaka kupeleka simulizi za wenzake walioshuka kutoka Kilimanjaro kuja kuanza maisha mjini. Nikamwambia watu wa mlimani wanaonekana kutoka mbali, hakuna anayeweza kuwasahau. Hakucheka. Tumekubaliana tuungane, mradi aitwe Mkurugenzi wa Sauti. Cheo kikubwa mno kwa mtu wa kubonyeza kitufe. Kwa hiyo nimejiteua Mwenyekiti, Katibu na Mhazini.

Jumamosi, 6 Julai
Bibi Sabaha kaja na ngoma kichwani. Amekaa mkekani, wakaangaliana. Kila mmoja akasubiri mwenzake arudie ile radhi kwa mdomo wake. Mwishowe wote wawili wakanigeukia mimi.

“Sikumtuma mtu,” akasema Bibi Sitara.

“Wala mimi,” akajibu Bibi Sabaha.

Nikatazama mlango. Leodegar alikuwa amesimama hapo na mashine yake, anafurahia. Bibi Sitara akanyoosha mkono, akaigusa ngozi ya ngoma taratibu, kama mtu anayempima mtoto homa.

“Imelegea, Sabaha.”

“Ningempigia nani, nawe hupo?”

Bibi Sitara akaagiza moto. Ngozi ilipokaza wakaanza kukumbuka. Lile bati la soko la zamani. Mvua ikipiga juu yake, hakuna aliyesikia bei wala matusi, basi biashara ilisimama, akina mama wakaacha makarai na kucheza kati ya mafungu ya samaki na ndizi. Wachukuzi wakapiga makofi. Wenzao wawili waliokwisha kutangulia mbele ya haki wakatajwa kwa majina na kwa mitindo yao ya kucheza. Wanacheka, wanalia, wanacheka tena. Mimi roho juu. Nani atatoa ruzuku kwa watu wenye furaha? Nikawa nawanong'oneza.

Jumanne, 9 Julai
Aibu. Ofisini Posta, Ndugu Severa akaicheza kanda mbele ya wakubwa zake. Ngoma inalia vizuri, wimbo unapanda, mara sauti yangu, wazi kabisa: “Semeni taabu, mama zangu. Lieni kidogo.” Na tena: “Mtajeni baba yangu, mseme ndiye aliyejenga soko.” Leodegar anaapa hakujua kuifuta. Fundi mzima!

Ruzuku imetoka. Kwa sharti moja: uongozi ushikwe na wenye simulizi. Bibi Sitara Mwenyekiti, Bibi Sabaha Mhazini. Leodegar kabaki na cheo chake. Mimi nimepewa kubeba ngoma.

Jumamosi, 20 Julai
Leo wameonyesha ngoma yao hadharani, kando ya soko linalojengwa. Mafundi waliacha zege wakaja kusikiliza. Watu walisimama mpaka barabarani. Nilikuwa nyuma, nimeshika kamba ya kubebea ngoma, nikasikia Bibi Sitara akiusimulia mlango wa soko la zamani, upande wa samaki. Ghafla nikamwona mama yangu mlangoni pale, kanishika sikio nisipotee, mkono wa pili kanishikia kitumbua cha moto, anakipuliza. Nilikuwa nimemsahau akiwa hivyo. Nikalia bila kuambiwa na mtu. Leodegar akanipa kitambaa chake. Bibi Sabaha aliponiona aliniita nikae karibu nao, akaniwekea kitumbua mkononi.

Siku njema kuliko zote mwaka huu. Na imezaa matunda: wakati wa kuondoka Ndugu Severa kaniambia mwakani ofisi inataka simulizi za watu wa Kigamboni, ng'ambo ya kivuko cha Magogoni. Kesho asubuhi navuka. Watu watatu nimeshawaambia mimi ni mzaliwa wa Kigamboni, na babu yangu ndiye aliyeleta pantoni.