Robo ya Sahani Kubwa

Butembo, Jumatatu, tarehe 5 mwezi wa tatu 2001

Nimehukumiwa. Infirmière Séphora, muuguzi wa dispensaire, alipima sukari yangu, akatikisa kichwa. Akaangalia kidonda ya kidole kubwa ya muguu. Akatikisa tena. Alisema: Papa Siméon, barabara ya Kasindi imefungwa juu ya vita, vidonge vimeisha, donc dawa yako sasa ni chakula. Jumamosi atapima tena. Kama sukari haijashuka, docteur atakata kidole.

Kukata! Hiyo kidole nimetembea nayo toka wakati ya Babelgiji!

Alinichorea sahani na chaki juu ya meza. Nusu: mboga ya lenga-lenga. Robo: samaki ao maharage, na maharage nayo isipande mulima, iko na sukari yake ndani. Robo ya mwisho: bukari, ile ugali yetu. Basi. Mafuta ya ngazi, ile nyekundu ya michikichi, kijiko moja, na siku ya kula avoka, hata hiyo kijiko niache, avoka ni mafuta tayari. Alisema bukari inageuka sukari ndani ya damu. Nilimuambia bukari haina hata utamu! Alinicheka.

Jumanne, tarehe 6

Leo nimeona haya tupu. Bibi yangu Kavira, mama ya batoto yangu, alinipangia sahani ya peke yangu. Mimi! Kwetu wanaume tunakula pamoja, sahani kubwa katikati, mikono yote ndani. Mwenye kula peke yake ni mulozi anayeroga batu, ao ana bunyimi. Na nilikula peke yangu mbele ya nani? Mbele ya batoto yangu bakubwa, ya jirani Nzanzu, na ya shemeki Esdras.

Esdras ni kaka ya Kavira. Alikimbia vita kule Kayna na bibi na bajukuu, sasa nyumba imejaa hata kuku hana pa kulala. Mutu ya heshima. Anaombea chakula mpaka bukari inapoa. Simupendi.

Aliangalia sahani yangu, ya mutoto, yenye maua. Aliniuliza kwa upole kama naogopa kwamba bao bageni batanimalizia chakula. Nzanzu alicheka mpaka lenga-lenga ikamutoka puani. Nilimeza haya. Haina hata chumvi.

Jumatano, tarehe 7

Akili imefunguka! Infirmière alisema robo ya sahani. Hakusema sahani gani!

Nimerudi kwenye sahani kubwa. Nilichora mupaka ndani ya bukari na kidole: robo hii, yangu. Robo ya chakula ya wanaume bote! Na maharage, robo. Kavira aliuliza ninafanya nini. Nilijibu: régime, masharti ya chakula. Mugonjwa anatii. Nusu ya lenga-lenga niliachia bageni, juu ya upendo.

Alhamisi, tarehe 8

Régime inaenda muzuri. Niko na usingizi, kiu ya ng'ombe, na choo naijua kuliko kanisa. Kavira anasema ni alama mbaya. Kidole inanuka kidogo. Niliipaka mafuta ya ngazi, vijiko vitatu. Infirmière alikataza ndani, inje hakukataza!

Nzanzu ameacha kuja. Anasema kwangu mutu anatoka na njaa kuliko alivyoingia. Wivu! Esdras naye ananawa mikono mapema, tonge mbili, anasema ameshiba. Nilimuchokoza: shemeki, kule Kayna munakulaka kama ndege? Alicheka tu.

Ijumaa, tarehe 9

Sijui niandike namna gani.

Kavira alirudi kutoka Vuhovi, kwa muguu, matope mpaka magoti. Alienda kwa dada yake kutafuta chakula, kwa sababu hapa bei ya soko imekuwa moto. Kwenye barrière ya barabara, basoda na bunduki balibeba maharage yote. Lenga-lenga alikuwa ameificha ndani ya kitenge. Ya nusu yangu. Aliniuliza kama ile ya juzi nilimaliza. Nilidanganya: nilimaliza yote.

Halafu alinisifia kaka yake. Kumbe Esdras alisikia kwamba chakula ndiyo dawa yangu. Akakataza batu bake kugusa robo yangu, na kila siku anaacha chakula yake nusu njia. Alibaambia: ile ni dawa ya shemeki, tusimuibie maisha.

Nilitaka kuingia chini ya kitanda. Bajukuu ya Esdras balikuwa balishalala pale. Na njaa.

Jumamosi, tarehe 10

Esdras alinisukuma juu ya tshukudu, ile ya mbao ya magurudumu mawili, mpaka dispensaire, kama gunia ya viazi. Sukari imepanda. Séphora aliuliza nakula nini. Nilisema robo. Esdras, kwa moyo safi, alinishuhudia: infirmière, anatii kabisa, robo yake hajaikosa hata siku moja! Séphora aliuliza sahani iko namna gani. Esdras alifungua mikono kama mutu anakumbatia ng'ombe.

Séphora aliangalia mikono yake, halafu mimi.

Kavira aliniangalia. Afazali angenipiga. Esdras alielewa naye, akashusha macho. Alisema pole pole: shemeki, ungeniambia tu kwamba unasikia njaa.

Docteur alikata.

Jumanne, tarehe 13

Nimemuzika kidole nyuma ya ndizi. Padri alikataa kuja.

Leo Esdras alikaa karibu yangu na sahani yake ndogo, ya peke yake, ili nisione haya. Na batoto yangu vilevile. Kila mwanaume na kasahani yake kama bibi-arusi! Nililia ndani ya lenga-lenga. Niliapa mbele ya bote: nusu, robo, robo, kijiko. Ujanja imekufa pamoja na kidole. Esdras aliombea kiapo mpaka bukari ikapoa, na mimi nilijibu amina.

Jioni, tarehe ile ile

Nzanzu alipita kuniona. Anasema pombe yake ya ndizi, kasikisi, itaiva Jumapili.

Nimefikiri sana. Séphora alichora sahani. Kikombe hakuchora.

Na vidole ya miguu bado iko tisa.