Jiwe la Msingi la Kiwanda cha Friji

Bango lilisimama kando ya barabara kuu, pale mji mkuu unapoishia na mashamba ya mahindi yanapoanza: KARIBU MWEKEZAJI. ARDHI IPO, WATU WAPO, UNASUBIRIWA WEWE. Bwana Mradi alipunguza mwendo, akalisoma mara mbili. Watu wanaokaribisha wageni kwa herufi kubwa namna hii, alijisemea, wanaomba kuibiwa.

Jina la Mradi alipewa na mji, kwa kuwa hakuwahi kukosa mradi na hakuna aliyewahi kuuona hata mmoja. Alikuwa na suti moja ya kijivu, domo lisilochoka, na gari jeusi linalong'aa. Hilo gari ndilo lililomlisha. Mtu wa miguu akizungumzia mabilioni, watu humwonea huruma; akishuka kwenye gari kama lile, humwita mheshimiwa.

Ofisi ya uwekezaji ya wilaya ilikuwa chumba kimoja chenye feni iliyochoka na makochi ambayo hayajavuliwa nailoni. Mkuu wake alikuwa mama mnene, mpole, miwani imening'inia kifuani kwa kamba. Watu walimwita Mama Karibu. Alitulia akamsikiliza Mradi akimwaga maneno: wenzake wa ng'ambo, kiwanda cha friji, ajira elfu tatu.

"Elfu tatu," alisema Mama Karibu, akijifuta uso kwa leso. "Vijana wetu watalia kwa furaha, mwanangu."

"Tunachohitaji ni kiwanja tu, mama. Ekari hamsini na hati yake. Wenzangu wakiiona hati, mitambo inapanda meli."

Mchezo wenyewe ulikuwa hapo. Hati ikishatua mkononi, angezikatakata zile ekari na kuwauzia watu wa mjini, ambao kwa wazimu wao wa viwanja hununua hata bwawa. Kisha angeyeyuka.

"Hati utapewa," alisema Mama Karibu. "Tunaikabidhi siku ya kuweka jiwe la msingi. Ila kwetu hapa, sherehe huandaliwa na mwekezaji mwenyewe. Ni heshima tu."

Mradi alijikaza asicheke. Mtu anakupa ekari hamsini, halafu anakuomba soda!

Lakini heshima ya wilaya ile ilikuwa na ukoo mpana. Mahema na viti vilikuwa vya mdogo wake Mama Karibu. Muziki ulikuwa wa mkwewe, chakula cha shangazi yake. Jiwe lenyewe lilichongwa na mumewe, fundi mkimya mwenye vumbi hadi kwenye kope, aliyeuliza swali moja tu: la kawaida au la marumaru?

"Wenzangu hawapendi vya kawaida," alijibu Mradi, na kujiponza.

Zamu ya kulipia mahema na viti ilipofika, mifuko ya Mradi ilikuwa imekauka. "Usihangaike, kaka," alisema mwenye mahema. "Niachie gari, utamalizia ukipata hati." Mradi akawaza zile ekari, akatoa funguo.

Siku ya sherehe watu walifurika. Walipiga makofi kwa pamoja na kunyamaza kwa pamoja, bila kuelekezwa. Bibi mmoja aliyekuwa na sahani yake ya wali alimsogelea, akamuuliza kwa upole, "Na wewe baba, ni wa kiwanda gani?"

Pazia likavutwa, jiwe likang'aa, jina la Mradi likiwa na herufi za dhahabu. Ndipo Mama Karibu akatangaza kwamba hati itakabidhiwa mara ukuta wa kwanza utakapofika usawa wa dirisha. Makofi yakarindima.

Mradi alizunguka nyuma ya kichaka kujisaidia, na nusura alilowanishe jiwe jingine. Kiwanda cha Saruji. Pembeni yake, Chuo cha Urubani. Halafu Hospitali ya Macho, mbuzi amelala juu yake. Majani yalikuwa yamejaa mawe ya msingi, na karibu kila jina lililochongwa pale alilifahamu. Wengine kazi ya utapeli aliwafundisha yeye.

Alirudi akimtwetea Mama Karibu usoni. "Mama, mmenipiga changa la macho."

Mama Karibu alikuwa akisimamia viti vikipangwa. "Yule wa saruji alipokuja," alisema taratibu, "nililia kweli. Mwanangu wa mwisho alikuwa ametoka chuo, hana kazi. Tukampa hati mkononi. Mpaka leo hana kazi, na ardhi ile imejaa majumba ya watu wa mjini; jiwe tu ndilo tulilohamishia huku. Kuanzia wa pili, tukaanza na mahema."

"Nakwenda polisi."

"Nenda, mwanangu. Uwapeleke na wale wenzako wa ng'ambo."

Mradi akanywea. "Gari langu, mama. Nitakula nini?"

Mama Karibu alivaa miwani, akamtazama. "Wiki ijayo anakuja mwingine, na kiwanda cha matairi. Hawa wa siku hizi wana wasiwasi, wanapenda kuzungumza na mwekezaji aliyetangulia. Uje uwaambie mambo yanakwenda vizuri. Gari utaliendesha, na mwisho wa mwezi utapata chochote kitu."

"Mimi? Niajiriwe?"

Alikuwa ameapa tangu ujana kwamba hatafanya kazi ya mtu. Aligeuka kulitazama gari lake. Mwenye mahema alikuwa ameshapakia masufuria meusi kwenye kiti cha nyuma, na sasa alikuwa akisukumiza turubai.

"Nifike saa ngapi?" aliuliza Mradi.

Mwisho wa mwaka wilaya ilitangaza kwamba uwekezaji umeanza kuzaa ajira. Kwa mara ya kwanza, tangazo lao lilikuwa la kweli. Ilikuwa ajira moja, na aliyeipata hakuwahi kuchelewa kazini.