Nisindikize Mpaka Mtoni

Jumapili, 3 Mei 2015

Leo nimepata wazo kubwa. Naliandika kabla halijapoa.

Namtaka Spés. Spés anaishi mtaa wa Clintonville, hapa Marekani, na baba yake, Mzee Hakizimana, na hakuna atakayemwoa Spés bila Mzee kukubali. Mzee ana presha. Daktari amemwambia atembee kila siku. Amekataa katakata! Anasema alitoka Burundi mpaka Tanzania kwa miguu, godoro kichwani, na hakuna aliyemwambia ni dawa. Mtu mzima atatokaje nyumbani bila safari, azunguke, arudi mikono mitupu? Watu watasema amechanganyikiwa.

Baada ya ibada Spés alilalamika mbele yangu na mbele ya Polycarpe. Alisema atakayemfanya baba yake atembee hatamsahau. Akanitazama mimi. Nadhani mimi.

Polycarpe ni Mkongo aliyehamia hapa kutoka Buffalo wakati wa baridi, na tangu afike hatupumui. Ana viatu vya kutembelea. Ana kofia ya kutembelea. Ana chupa ya maji yenye mrija, kana kwamba kati ya hapa na mtoni kuna jangwa. Akasema atamwalika Mzee kwenye kikundi chake cha matembezi mepesi kando ya mto. Maskini.

Wazo langu ni hili. Mzee hatembei bure, lakini hawezi kuacha mgeni aondoke bila kumsindikiza. Kumuaga mgeni mlangoni, kwake, ni sawa na kumfukuza. Basi nitakuwa mgeni. Kila siku! Na nitaondoka kwa miguu.

Jumatatu, 4 Mei

Ushindi! Gari nimeliacha kwenye maegesho ya bustani ya waridi, kando ya mto. Nikapanda kilima kwa miguu mpaka kwa Mzee. Nikamwambia gari langu limekufa. Akanipa pole kwa dhati, kama mtu aliyefiwa.

Nilikunywa chai, nikaaga. Mzee akachukua kofia yake bila kuulizwa.

Tatizo dogo. Mimi nakaa Linden, na Linden iko mashariki. Mto uko magharibi. Mzee akauliza kwa nini mtu anayekwenda jua linakochomoza anaelekea linakozama. Nikamjibu kwamba Marekani barabara zina mambo yake. Akaendelea kutembea nami. Ni mtu wa adabu sana.

Njia ni nzuri. Lami laini, miti, mto unakwenda polepole. Wazungu wanakimbia nusu uchi na hakuna anayewafukuza. Mzee alimhurumia mmoja, akataka kumuuliza kama nyumbani kwake kuko salama. Nikamzuia.

Darajani akasimama. Akakohoa. Akasema njia ni ndefu, kama nina neno rohoni niseme. Nikamwambia ndiyo, ninalo: viatu vyake havifai, lami inataka soli laini. Akasema ahaa. Tukaagana hapo.

Jumatano, 6 Mei

Wazo lina meno. Limeniuma.

Darajani nilitaka kumuaga, halafu nikawaza: mzee wa heshima atarudije peke yake? Spés akisikia? Nikamsindikiza mpaka mlangoni kwake. Mlangoni Mzee akasema nimefika kwake, kwa hiyo mimi ni mgeni tena, na mgeni hasindikizwi kwa macho. Tukarudi darajani. Darajani nikaona aibu. Tukarudi kwake. Bata bukini walitutazama kila tulipopita.

Ghalani ninakofanya kazi nilichelewa zamu. Msimamizi akataka sababu. Nikamweleza kwamba nilikuwa namsindikiza mtu aliyekuwa ananisindikiza. Akauliza kama ni mambo ya dini. Nikasema karibu na hapo. Amenipa onyo, na amenihamishia kwenye maboksi ya chakula cha mbwa, ambayo ni mazito kuliko mbwa wenyewe.

Miguu inawaka moto. Ni kwa ajili ya Spés.

Ijumaa, 8 Mei

Presha ya Mzee imeshuka! Daktari kafurahi. Spés alinifungulia mlango anacheka, akanipakulia maharage yenye mawese, akakaa kuniangalia nikila. Akasema Leopoldi, wewe ni mtu wa ajabu. Akasogeza kiti karibu, kama anayesubiri kitu. Nikamwomba chumvi.

Njiani Mzee alikuwa na hadithi. Alinisimulia jinsi alivyomposa mama yake Spés. Ilikuwa njiani, baba mkwe wake akimsindikiza. Alisema kwao neno zito halisemwi sebuleni mbele ya chai. Mgeni hulibeba mpaka njiani, na anayemsindikiza hupunguza mwendo ili lipate nafasi ya kutoka. Akasema siku ile kinywa chake kilikauka kabisa, lakini alisema.

Tulikuwa darajani. Mzee alikuwa amesimama kabisa. Akanitazama.

Nikamwonya kuhusu bata bukini. Wana vifaranga msimu huu, wanauma. Ni vizuri tushike upande wa kushoto.

Mzee akasema ahaa. Nadhani siku hizi ananiheshimu sana.

Jumapili, 10 Mei

Nimekiona kikundi cha Polycarpe. Polycarpe, wanawake wawili wa Kizungu, na mbwa aliyevaa koti la mvua. Basi! Baada ya ibada aliniuliza kwa upole siri yangu ni nini. Nikamwambia hakuna siri, ni kipaji.

Kucheka ni dhambi, lakini nimecheka kidogo.

Jumanne, 12 Mei

Sitaki kuandika. Naandika.

Mvua ilinyesha asubuhi, nikaendesha nimewasha taa. Nilipoficha gari nilikuwa na haraka. Basi, mimi na Mzee tunashuka kuelekea darajani, mazungumzo yanaendelea vizuri (nilikuwa namweleza aina za soksi), mara Polycarpe anakuja mbio kutoka upande wa maua, kofia mkononi.

“Bon, Leopoldi! Motokari yako iko pale pa maua, taa zinawaka tangu asubui. Batri itakufa, donc kimbia!”

Mzee akanigeukia. Aliuliza taratibu, ni lile gari lililokufa?

Ningeweza kusema kweli. Ilikuwa hapo hapo, tayari. Badala yake nikasema silijui gari hilo. Polycarpe akasema lina kanga ya Spés kwenye kiti cha nyuma, ile niliyoipokea kanisani Jumapili, yeye akiona, niipeleke kwa fundi. Nikasema kanga zinafanana.

Hata bata bukini waligeuza shingo kutuangalia.

Mzee akavua kofia, akaivaa tena. Akasema kama ni hivyo nina safari ndefu, asinicheleweshe. Akamwomba Polycarpe amsindikize yeye kurudi nyumbani. Wakaondoka wote wawili, polepole.

Mimi sasa ni mtu asiye na gari. Sikuweza kurudi bustanini, wangeniona. Nikatembea mpaka Linden kwa miguu yangu, nimevaa viatu vya kanisani. Nilipolifuata gari baada ya zamu, betri ilikuwa imekufa kweli. Angalau sasa sidanganyi.

Jumamosi, 16 Mei

Spés ameposwa. Na Polycarpe.

Nilikwenda kurudisha kanga. Mzee alinipokea vizuri, chai, kila kitu, hilo ndilo lililoniumiza zaidi. Alisema Polycarpe alilisema lile neno siku ile ile, kabla hawajamaliza kupanda kilima. Sauti ilimtetemeka, lakini alilisema. Ndugu zake wanakuja kutoka Buffalo.

Nikasema lakini mimi ndiye niliyekutembeza. Mzee akakubali. Akasema alikuwa anajua tangu siku ya kwanza kwamba njia ya Linden haipiti mtoni. Alikuja hivyo hivyo. Kila siku alisimama darajani, miguu ikimuuma, akinisubiri. Akasema angekubali.

Angekubali! Nililia kidogo. Chai ikapoa.

Spés alitoka nje na mimi. Nikamuuliza kama naye angekubali. Akasema hilo ndilo swali la kwanza nililowahi kumuuliza, ukiacha lile la chumvi. Macho yake yalikuwa mekundu. Hakunisindikiza. Aliniaga mlangoni.

Jumapili, 17 Mei

Nimelala, nimefikiri, nimeliona kosa. Ni dhahiri kabisa. Gari lilikuwa karibu mno.

Leo dada yangu kanipigia simu kutoka Shively, kule Louisville. Kwenye kanisa lao kuna binti anaitwa Angelika, mtaratibu, anaimba vizuri. Mama yake ana sukari, daktari amesema atembee, amekataa katakata. Na Louisville mto wao ni mpana, si kijito kama hiki chetu!

Naondoka Jumamosi. Nimenunua viatu vya kutembelea na chupa yenye mrija. Gari nitaliacha ng'ambo ya mto, jimbo jingine kabisa, taa nitazizima. Mama nitamwambia limekufa.

Lile neno lenyewe halina haraka. Tutalisema mama akishazoea njia.