Vita Yangu na Tanuri la Jirani

Jumatatu, 4 Machi

"Moshi wa kuni haujawahi kumdhuru mtu. Babu yangu aliishi ndani yake mpaka akaota mvi." Hayo kayasema mwokaji leo, kwenye mkutano wa mtaa, mbele ya watu wazima, na wapo waliotikisa vichwa kukubali. Nikasimama. Nikasema babu yake namjua, msibani kwake nilikuwepo, na hizo mvi aliziota akikohoa mchana na usiku mpaka paka wa nyumba ile wakahamia kwetu. Mwokaji akauliza kama Profesa amemaliza. Sikuwa nimemaliza. Mwenyekiti akaniketisha.

Mwenyekiti ni nesi mstaafu, mama mwenye sauti ya kumezesha vidonge. Kaunda kamati ya hewa safi kwa sababu watoto wenye pumu wamezidi mtaani. Anataka watu waache kuchoma taka, kila nyumba itie zake kwenye mkokoteni wa kamati. Zahanati imetuazima visanduku vya kupima hewa: taa ya kijani ni hewa njema, njano ni hewa inayoharibika, nyekundu ni hewa mbaya. Mpango mzuri, ila hauna adui. Harakati bila adui ni kikao cha chai. Adui ninaye mimi. Tanuri la mwokaji limepakana na ua wangu, ukuta kwa ukuta.

Jumanne, 5 Machi

Alfajiri Kitinda, binti yangu wa mwisho, kabanwa kifua tena. Kilipiga mluzi kama birika. Akavuta dawa kwenye inhela, akatulia, akauliza kama leo bendi ya shule ina mazoezi. Wamempa tarumbeta. Mtoto asiye na pumzi kapewa tarumbeta, na hataki kitu kingine duniani.

Mke wangu karudia lile neno lake, tena bila kupandisha sauti, ndipo ilipo hatari. Shule zikifungwa mwisho wa mwezi na kifua hakijatulia, mtoto anahamia kwa shangazi yake, kule milimani, asome huko huko. Huko hakuna bendi. Kitinda alisikia. Akalifuta tarumbeta kwa pindo la sketi.

Nimeapa. Tanuri litazimwa.

Nimeandika mashtaka asubuhi nzima. Kurasa nyingi mbovu. Nikazichana, nikazichoma kwenye pipa la uani kama kila siku. Mwandishi wa hoja haachi rasimu zikizagaa. Maadui huziokota, huzisoma, hujiandaa. Kwangu hakudhuriki mtu: upepo wa asubuhi huelekea kwa mwokaji.

Alhamisi, 7 Machi

Nesi alitaka kisanduku kimoja kitundikwe getini shuleni. Nikambishia. Nikamweleza kanuni za ushahidi, historia ya viwanda, wajibu wa raia. Akatazama saa, akasema haya baba, kitundikwe kwako, mimi nina njaa. Kimewekwa kwenye ukuta wa ua wangu, uso kwa uso na bomba la moshi la tanuri.

Ijumaa, 8 Machi

Nyekundu! Nimekiita kikosi kizima cha majirani kije kushuhudia. Fundi seremala alikuja na mswaki mdomoni. Wote wameona.

Nikaubandika waraka wangu, "Tanuri Kizimbani", kwenye mlango wa mwokaji. Nikampelekea na nakala rundo zima, azigawe kama ana ujasiri. Kazigawa. Kafungia mikate. Mke wangu karudi na mkate uliovikwa hoja yangu ya pili, imelowa siagi. Kaniuliza kama nimefurahi. Nimefurahi. Sijawahi kusomwa na watu wengi hivi.

Jumatatu, 11 Machi

Ushindi. Mlango wa mwokaji umefungwa, kuna kibao: "Tunafanya marekebisho." Tanuri baridi. Bomba halitoi hata uzi wa moshi. Kalamu imemwangusha.

Nikaketi kuandika tamko la ushindi. Tamko la ushindi ni gumu kuliko mashtaka, lazima uonekane mpole. Rasimu zikajaa pipa. Nikachoma.

Kisanduku: nyekundu. Kitinda: kabanwa. Mke wangu kalishusha begi la safari kutoka juu ya kabati, kaliacha wazi kitandani, halina nguo bado.

Sielewi. Tanuri limezimwa, taa inawaka. Jibu ni moja tu: kuna mtu anakichezea kisanduku. Hujuma.

Jumatano, 13 Machi

Kulipopambazuka nilijificha uani, nyuma ya tangi la maji, nimejifunika turubai. Kisanduku kijani. Hakuna aliyekuja. Turubai lina joto. Muda ukawa mrefu, nikakumbuka rasimu za jana hazijachomwa, nikatoka mara moja, nikawasha, nikarudi mafichoni.

Kisanduku kikawa cha njano. Kisha chekundu. Mbele ya macho yangu! Nikaangaza huku na huku. Ua mtupu. Nilikuwepo mimi tu. Nikamwogopa adui huyu, ana mkono mrefu.

Nesi akaingia na mkokoteni wa taka, mke wangu nyuma yake na bakuli la njugu. Nesi akauliza: baba, humo ndani ya turubai kuna usalama? Nikaeleza. Akakitazama kisanduku, akalitazama pipa, akanitazama mimi, muda mrefu kuliko adabu inavyoruhusu. Akaomba nilifunike pipa. Nikafunika. Akaketi kwenye ndoo iliyopinduliwa, wakala njugu. Taa ikarudi njano, ikarudi kijani. Akaomba nifunue. Nikakataa. Mke wangu akafunua. Nyekundu.

Nikasema mambo mawili kufuatana si hoja kwamba moja limelizaa jingine. Nesi akasema kweli kabisa, turudie. Tukarudia mpaka njugu zikaisha. Nikaleta hoja ya upepo, kwamba huelekea kwa mwokaji. Nesi akalowesha kidole, akakiinua. Akasema unapiga ule ukuta wa mwokaji, unarudi, unaingia dirisha lile pale. Dirisha lile pale ni la Kitinda.

Naye alikuwa kasimama hapo hapo dirishani, amejifunga shuka, inhela mkononi. Akauliza, "Baba, kumbe ni karatasi zako?" Hakuuliza kwa hasira. Aliuliza kama mtu anayeuliza saa. Nimejibu mawaziri. Nimejibu maaskofu na wahariri. Hapa nikalifunika pipa.

Alhamisi, 14 Machi

Nimelitoa pipa. Kwa sababu za kimkakati.

Aliyekuja kulibeba ni mwokaji mwenyewe. Kamati inamtuma yeye kwa vitu vizito. Tulilikamata huku na huku, tukatoka nalo mpaka barabarani tukiwa tumenuniana. Njiani kasema yale marekebisho ni jiko la gesi, kaliagiza kabla hata ya mkutano. Mkewe naye anavuta inhela. "Profesa, ulidhani wewe tu ndiye una kifua nyumbani?"

Nikamuuliza kwa nini basi alitetea moshi mbele za watu. Akasema, "Ulivyonikodolea macho siku ile, ningetetea hata sumu ya panya."

Hoja dhaifu. Nimeinakili hata hivyo.

Jumatano, 20 Machi

Mtaa umebadilika, lazima niandike ingawa sikushauriwa. Mkokoteni unapita, kengele inalia, watu wanatoka na mifuko. Seremala hachomi tena maranda yake, anawapa wafuga kuku. Mwokaji kafungua, mkate una ladha ile ile, jambo linaloniudhi, maana niliandika utakuwa bora zaidi. Pipa langu limetobolewa chini, limepandwa maua getini kwa zahanati. Kisanduku kimehamishiwa shuleni, kule kule Nesi alikotaka tangu mwanzo. Hakunikumbusha. Mke wangu kanikumbusha.

Kitinda kalala usiku kucha. Niliingia chumbani kwake asubuhi nikasikiliza. Hakuna mluzi. Nikakaa hapo kidogo, bila kuandika chochote.

Jumamosi, 30 Machi

Shule zimefungwa jana. Bendi ilipiga uwanjani. Kitinda alisimama mstari wa mbele, akavuta pumzi, akalipuliza tarumbeta wimbo mzima bila kukatika. Zile noti za juu zilinifanya nipenge kamasi, nikasingizia vumbi. Mwokaji kando yangu naye alisingizia vumbi. Usiku begi la safari limerudi juu ya kabati. Shangazi kaambiwa aje yeye.

Pale uwanjani, bendi ilipomaliza, Nesi alisimama kushukuru. Akashukuru mkokoteni, akina mama, seremala, mwokaji na jiko lake. Mimi hakunitaja. Bila ubishi wangu kisanduku kisingetundikwa uani kwangu, na bila kutundikwa uani kwangu pipa lisingegunduliwa kamwe. Harakati nzima imesimama juu ya moshi wangu! Nimeanza kitabu cha kulithibitisha hilo. Sura ya kwanza nimeiandika upya mara nyingi, na rasimu zimejaa chini ya kitanda, mahali ambapo adui yeyote anaweza kuingiza mkono. Kuzitia kwenye mkokoteni ni kumkabidhi Nesi hoja zangu kabla hazijaiva.

Kwa hiyo nawaandikia ninyi, mwokaji na wanakamati wenzako, mliopanga kulibomoa lile tanuri la kuni Jumatatu: msiliguse. Niachieni asubuhi moja tu, na kiberiti. Dirisha la Kitinda nitalifunga kwa mkono wangu mwenyewe, na upepo nimeshaupima kwa kidole. Safari hii unaelekea kwenu.