Naomba Kudaiwa Kodi ya Posho ya Jumapili

Ndugu Meneja wa Ofisi ya Kodi,

Jana saa nne asubuhi, karani wako wa dirisha la tatu alitamka kwamba sidaiwi kitu. Alitamka mbele ya watu kumi na mmoja waliokuwa kwenye foleni. Kauli hiyo si kweli, na naomba isahihishwe.

Mimi ni mwandishi wa habari. Safu ya masahihisho gazetini kwetu nimeishika miaka kumi na tisa. Kazini hatuandiki jambo mpaka lithibitishwe na vyanzo viwili, na ndivyo nilivyojaza ritani zangu, zile fomu za mapato ya kila mwaka. Mshahara ulithibitishwa na mhasibu na benki, nikauandika. Posho ya kusoma uchambuzi redioni kila Jumapili nilipewa mkononi, ndani ya bahasha, na mtunza fedha wa redio peke yake. Chanzo kimoja. Nikaiacha, miaka mitatu, kwa nia safi.

Juzi nilimsimulia mhariri wangu jambo hili kama mfano wa umakini. Alicheka, kisha akaacha kucheka. "Pesa umeila mwenyewe, mzee, unataka shahidi gani tena? Ijumaa ikifika hujalipa, safu nampa mwingine."

Malalamiko yangu ni haya:

1. Karani alikataa kulipokea kosa langu. Alisema kompyuta inaonyesha niko safi. Nimekula mkate wa makosa miaka kumi na tisa. Kosa nalijua hata likivaa suti.

2. Nilipong'ang'ania, mama mmoja nyuma yangu alifoka: "Baba, wenzio tumekuja kupunguziwa, wewe unaomba kuongezewa! Hebu tupishe!" Foleni ikampigia makofi. Ofisi yako haikukanusha.

3. Mlinzi aliniuliza kwa upole kama nyumbani wanajua nimetoka. Hawakujua, lakini hilo halihusu kodi.

4. Wakwepaji mnawafuata kwa gari hadi mlangoni. Mimi niliyekuja kwa miguu nimetolewa nje. Mkiendelea hivi, itanibidi nianze kukwepa ili nihudumiwe.

Kwa hiyo naomba nidaiwe yote, na faini juu yake. Jina langu, kiasi na mahali pesa ilipotoka vibandikwe kwenye ubao wa matangazo kwa herufi kubwa, na nakala itumwe nyumbani kwangu. Ukweli hauna faragha.

Nisalimie karani, mlinzi, na yule mama, ambaye nasikia alipunguziwa.

Wako anayesubiri kusahihishwa,
Mshika Safu ya Masahihisho

Tanbihi: Mke wangu ameisoma barua hii kabla sijafunga bahasha. Miaka yote mitatu aliamini nasoma redioni bure, kwa kuipenda sauti yangu. Ameshampigia simu mtunza fedha na kutajiwa kiasi hadi senti ya mwisho, kwa hiyo sasa vyanzo ni viwili. Naomba ubao uachwe ulivyo, nakala isitumwe, na sentensi yangu kuhusu faragha ifutwe. Kodi italipwa Alhamisi, saa mbili asubuhi, dirisha la tatu. Mlinzi asijisumbue kuniuliza: safari hii nyumbani wanajua.